Takwimu za shule ndogo ya kata: niliyoyaona tangu nikabidhiwe rejista

Naandika hii kwa mwalimu ambaye ameitwa ofisini na mkuu wa shule akaambiwa kuanzia leo wewe ndo mwalimu wa takwimu. Basi, hakuna semina, unapewa rejista za uandikishaji tangu shule ilipoanza, flashi yenye mafaili ambayo hata aliyeyaandika hakumbuki ni ya mwaka gani, na halmashauri wanataka idadi kabla ya saa nane mchana. Mimi nilipewa kazi hivohivo. Naandika pia kwa wazazi na wajumbe wa bodi za shule, kwasababu watu wengi wakisikia shule ina wanafunzi 180 wanadhani hiyo ni namba ya kujaza kwenye fomu, kumbe ndani ya hiyo namba kuna hela ya chaki, kuna walimu mtakaoletewa au msioletewa, na kuna binti ambaye jina lake lipo na yeye hayupo.

Shule yetu ni sekondari ya kata, ya kutwa, iko mkoa wa Tabora upande wa kwenye tumbaku. Ilianza 2007, enzi zile za MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kila kata ikijenga sekondari yake, wananchi wanachangishwa kwa kaya, wazee wa hapa bado wanakuonesha ni darasa gani walibeba mawe yake. Kwa nchi nzima shule za sekondari zilikuwa hazifiki 1,300 mwaka 2004, kufika 2009 zikawa zimepita 4,000, kwahiyo historia yetu ni historia ya shule nyingi sana huko vijijini. Ilipokuja elimu bila malipo Januari 2016 madarasa yakafurika, kidato cha kwanza wakakaa watatu watatu. Baadae kata ya jirani nao wakajengewa sekondari yao kwa hela za SEQUIP, ule mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, vijiji viwili vilivyokuwa vinaleta watoto kwetu vikahamia kule, na ni haki yao kabisa maana watoto wao walikuwa wanatembea mbali mno. Ila sisi ndo tukabaki wadogo, kidato cha kwanza mpaka cha nne hatufiki 200.

Niseme kwanza udogo huu maana yake nini kwenye hela, kwasababu mzazi akiambiwa shule haina karatasi za mitihani anadhani mkuu kala. Kwa sekondari, serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, kwahiyo inayokuja shuleni ni 12,500 kwa kichwa. Alafu kuna fidia ya ada, 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa. Chukua wanafunzi 180 piga mara 12,500, unapata 2,250,000 ya ruzuku peke yake kwa mwaka mzima, yaani haifiki laki mbili kwa mwezi, na hapo kuna karatasi, wino, chaki, dawa, ukarabati, usafiri wa kupeleka mitihani. Shule yenye wanafunzi 900 inapata mara tano ya hiyo, na mashine ya kurudufu ni ileile moja, lango ni lilelile moja, mlinzi ni yuleyule. Kwenye shule ndogo kila mtoto anayepotea unamuona kwenye akaunti.

Hapo ndo kishawishi kinapoingia, nakisema wazi maana mwalimu mpya wa takwimu atakutana nacho. Kuna watu watakushauri uwaache kwenye idadi watoto walioacha shule zamani ili ruzuku isishuke. Usikubali. Achana hata na habari ya wakaguzi, ubaya wake mkubwa ni kwamba mtoto akishabaki kwenye karatasi kama yupo, hakuna mtu atakayemtafuta, kwa mtendaji yupo, kwa afisa elimu yupo, kwa wizara yupo. Na upande wa pili kuna wanaofuta haraka, mtoto haonekani wiki tatu wanampigia mstari mwekundu ili asilimia ya mahudhurio ipendeze kwenye kikao cha kata. Hiyo nayo ni kumpoteza. Kwa utaratibu jina halifutwi kwa utoro mpaka zipite siku 90 mfululizo, na hizo siku 90 zitumie kutafuta, zisiwe za kusubiria zifike.

Sasa nieleze mwaka unavyoenda.

Mwezi wa 12 TAMISEMI wanatoa orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza. Watu wanashangilia ufaulu, diwani anatangaza, tunaambiwa tumepangiwa watoto 80 na ushee. Mwaka wangu wa kwanza na hii kazi, wiki ya kwanza ya Januari darasani walikuwa hawafiki nusu. Wiki ya pili wakaongezeka kidogo, alafu ikasimama hapo. Ofisini kila mtu alikuwa na sababu yake, huyu anasema wazazi wa huku hawapendi shule, yule anasema ni wafugaji washahama, mwingine anasema watakuja tu. Nikaamua kuichapa ile orodha upya, nikaipanga kwa shule ya msingi mtoto alikotoka. Hili ni dogo ila ndo lililonisaidia kuliko yote, kwasababu shule ya msingi inakwambia kijiji, na kijiji kinakwambia sababu. Palepale nikaona kwamba kijiji kilicho jirani na shule wamekuja karibu wote, kijiji cha ng'ambo ya mto wamekuja wavulana tu, na kuna shule moja kule ndani porini haijaleta hata mmoja. Ukiangalia orodha ya alfabeti mambo haya huyaoni kamwe.

Nikaongeza safu mbili, ya namba ya simu ya mzazi au jirani, na ya sababu. Walimu wakuu wa msingi ndo wenye taarifa, hao waliwafundisha hawa watoto miaka saba, anajua baba ni nani, mama yuko wapi, simu ipi inapatikana. Nenda kwao na heshima, usiende kama mtu wa sekondari anayekuja kukagua. Mimi nilikuwa napita jioni naanza na salamu, nakaa, naongea mengine kwanza, alafu ndo natoa karatasi yangu. Mwalimu mkuu mmoja mzee aliniambia "mwanangu, hawa watatu wako kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, huyu kaolewa, huyu nenda kwa bibi yake utamkuta, hao wengine wako kwa mjomba wao Nzega," akamaliza ukurasa mzima kwa dakika chache.

Nilichokutana nacho huko majumbani kimenibadilisha kabisa mtazamo. Kundi kubwa halikuwa la wasiopenda shule, lilikuwa la waliosoma ile fomu ya kujiunga wakaogopa. Ndiyo, ada haipo. Lakini ile karatasi ina sare pea mbili, sweta, viatu vyeusi, begi, kaunta buku za masomo yote, mkebe, rimu ya karatasi, jembe, fagio, ndoo. Ukijumlisha unapita laki na kitu, na kwa familia yenye watoto wawili waliofaulu mwaka mmoja ni balaa. Na hii ni Januari. Mtu wa mjini hawezi kuelewa Januari ya mkulima wa tumbaku, hela ya msimu uliopita imeshaisha, pembejeo amekopeshwa kupitia chama cha ushirika, AMCOS, shambani ndo palizi imepamba moto, na soko halifunguliwi mpaka huko mwezi wa nne wa tano. Mzee mmoja aliniambia "mwalimu, mi sikatai, mwezi wa tano nitamleta." Hakuwa anadanganya hata kidogo, ila mtoto akianza mwezi wa tano wenzake wamemaliza muhula karibia wote, anakuja anakaa nyuma haelewi chochote, mwezi wa saba anaacha.

Serikali imeshatamka mara nyingi kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare. Wazazi wengi hawajui, na wengine wameshasikia ila hawaamini, wanaogopa mtoto atarudishwa getini mbele za watu. Kwahiyo tulifanya hivi, mkuu wa shule akaandika barua fupi ya Kiswahili cha kawaida, mtoto aje na nguo za shule ya msingi au nguo yoyote ya heshima na daftari moja, mengine yatafuata baada ya soko. Ikasomwa msikitini Ijumaa, kanisani Jumapili, na kwenye mkutano wa kijiji. Fomu ya kujiunga nayo ilipunguzwa, vile vitu vya rimu na ndoo vikatolewa, bodi ilibishana sana kwenye hilo maana hivyo vitu shule inavitegemea kweli. Mimi bado nasema bora tukose rimu. Wiki ile waliongezeka watoto wengi kuliko wiki nyingine yoyote.

Kundi jingine ni wale ambao wapo shule nyingine. Mtoto kachaguliwa kwetu ila mjomba kamchukua Kahama, au kapelekwa shule ya binafsi, kwetu anahesabika hajaripoti na kule anasoma vizuri tu. Hapa kuna kanuni moja nimejiwekea: "amehama" bila jina la shule anakosoma na simu ya mwalimu wa kule, kwangu huyo hajahama, huyo hajulikani alipo. Piga simu. Ongea na mwalimu wa taaluma wa huko, muulize namba ya mtoto ya PREM, ule mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, kama anayo mkononi na mtoto yuko darasani basi fanyeni uhamisho rasmi umalizike.

Nimekuwa mkali kwenye hilo neno kwasababu ya binti mmoja. Alitoka msingi na ufaulu mzuri sana, walimu wake walikuwa wanamtaja kwa furaha. Hakuripoti. Baba yake akasema kaenda kwa shangazi mkoa mwingine atasomea huko, taarifa ya kijiji ikaja imeandikwa amehama, ikakubaliwa kila ngazi na ikaonekana safi kabisa kwenye fomu. Miezi baadae mwanafunzi mwenzake akanong'ona kwa matroni kwamba yule yuko kata ya pili tu hapo, kaolewa, ng'ombe walishatolewa. Nilishindwa kula siku ile, nililia kama nimefiwa. Sheria ipo, tangu marekebisho ya 2016 kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, na ukubwa wa hiyo adhabu ndo unafanya pande zote mbili za familia zifunge mdomo, mashahidi hawapatikani, mara mwanaume kahama, mara binti mwenyewe anakana. Mtendaji wa kata alihangaika, ustawi wa jamii wakaja, dawati la jinsia wakafungua faili, haikufika popote. Binti hakurudi kwetu.

Tangu hapo wasichana nawahesabu tofauti. Kidato cha kwanza kwetu wasichana huwa ni wengi kuliko wavulana, na hata kitaifa wasichana wa kidato cha kwanza mpaka cha nne wamewapita wavulana, ukiishia hapo unaweza kupiga makofi. Fuata kundi lilelile mpaka kidato cha nne. Usilinganishe kidato cha kwanza cha mwaka huu na cha nne cha mwaka huu, hao ni watu tofauti, chukua walioingia pamoja uwafuate kwa majina mwaka hadi mwaka. Kwetu nilipofanya hivyo nikaona wasichana wanapungua zaidi kwenye vipindi viwili, likizo ndefu ya Desemba wakitoka kidato cha pili, na ule msimu wa masoko ya tumbaku hela zikiwa mikononi mwa wanaume. Wavulana wao wanapungua kidogo kidogo mwaka mzima, machungani, kwenye kuchuma na kukausha tumbaku, bodaboda, na wakubwa wakubwa wanaondoka kwenda machimboni Geita na Chunya.

Na umbali. Kijiji cha ng'ambo ya mto nilichosema, kutoka kule ni zaidi ya kilomita 15 na masika mto unajaa. Wavulana wanapewa baiskeli, msichana hapewi. Wazazi wenye uwezo kidogo wanampangia binti chumba karibu na shule, geto, mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajilinda, kila mwanaume wa hapa senta anajua anakaa peke yake. Tulikuwa hatuna hata orodha ya wanaoishi mageto! Sasa iko, kila geto lina jina la mwenye nyumba na simu yake, matroni anayapita jioni, na mwenye nyumba akiona mtu anaingia usiku anajua ampigie nani. Bweni la wasichana wananchi walianza kulijenga, boma limefika kwenye lenta, limesimama hapo. Tunaendelea kulidai kwenye kila kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, WDC, na orodha ya mageto ndo silaha yetu, ukimsomea diwani majina ya mabinti kumi na kitu wanaolala peke yao ananyamaza anasikiliza, ukimwambia "tuna changamoto ya hosteli" anaitikia tu.

Kuhusu wale wanaorudi. Tangu waraka wa Novemba 2021 mwanafunzi aliyeacha kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na mwongozo ukatoka mwaka uliofuata. Huku vijijini bado kuna wazazi wanaamini akishazaa basi kwisha. Nimeshaenda kwenye nyumba nikakuta mama wa binti anaangua kilio kwa kusikia tu kwamba inaruhusiwa. Lakini mwalimu mwenzangu jiandae, kumrudisha ni nusu ya kazi. Nani atabaki na mtoto? Ananyonyesha saa ngapi? Wenzake watamwitaje? Sisi mmoja alirudi akadumu kwasababu bibi yake alihamia jirani na shule na mjukuu, mwingine alirudi akaacha tena kwa maneno ya darasani. Anayeona aibu kukaa na wadogo, muelekeze Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kuna njia ya kufanya mtihani wa maarifa wa QT mpaka kidato cha nne, na kupitia SEQUIP vituo vimeongezeka. Muandike aliko ili ujue anaendeleaje.

Sasa sura ya darasa lenyewe, hili watu hawaliandikagi. Fomu za serikali haziulizi kabila, na sensa ya watu mara ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967, mimi naona ni jambo jema. Ila mwalimu lazima ajue watoto wake wanatoka maisha gani. Kwetu kuna Wanyamwezi wenyeji, kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe, kuna Waha waliofuata kilimo, na kuna familia zenye asili ya Burundi waliokimbia 1972 wakawekwa kwenye makazi kama Ulyankulu, hao waliomba uraia na zaidi ya watu 160,000 kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakawa raia wa Tanzania, vyeti vyao wakakabidhiwa 2014. Watoto tulionao leo ni wajukuu, wamezaliwa hapahapa, wanaongea Kiswahili kama mimi. Kwenye rejista za zamani nikakuta safu ya uraia kuna mtu kaandika "Mrundi" kwa baadhi yao, kwa kuangalia jina tu. Hilo ni kosa linaloweza kumfuata mtoto mpaka kwenye kitambulisho cha NIDA. Tuliita wazazi, tukaangalia vyeti, tukasahihisha. Kama shule yako iko maeneo haya, pitia hiyo safu leo.

Majina nayo ni shughuli. Mtoto kaandikishwa msingi kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, kaja sekondari anatumia jina la ubatizo, na jina la Kisukuma kila mwalimu analiandika anavyosikia, huyu kaweka Ng'wa yule kaweka Mwa. Linaloongoza ni lile lililoko kwenye PREM, ndo linaenda NECTA kwenye upimaji wa kidato cha pili mpaka cheti cha kidato cha nne. Mtoto akija kuomba mkopo wa chuo bodi ya mikopo, HESLB, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wale wa vizazi na vifo, na vyeti vikipishana majina anaanza kuhangaika na viapo mahakamani, nauli juu ya nauli. Kwahiyo kidato cha kwanza wiki za mwanzo kaa na mtoto mmojammoja, cheti mkononi, soma jina herufi kwa herufi na yeye akisikia. Asiye na cheti, mzazi aanze kufuatilia mapema, asisubiri kidato cha nne. Kwa darasa la watoto 60 hii kazi inawezekana kabisa, na hapo ndo naona uzuri wa shule ndogo.

Uzuri mwingine, unamjua kila mtoto. Nikiingia darasani naona kiti gani kipo wazi kabla sijaita majina. Ubaya wake ni ikama, yaani idadi ya walimu shule inayopangiwa, ukiwa na watoto wachache halmashauri inaona walimu mlionao wanatosha, wakati fizikia ina mwalimu mmoja kwa vidato vinne na akipata uhamisho somo linakufa. Takwimu ikipelekwa kama idadi ya jumla inakuumiza. Sisi tukaanza kuambatanisha idadi ya vipindi kwa wiki kwa kila somo na mwalimu anayevibeba, hapo mwenzako wa ofisi ya elimu anaona mwenyewe kwamba mtu mmoja ana vipindi visivyobebeka. Tulipata mwalimu wa hesabu kwa njia hiyo, na wa kujitolea mmoja wazazi wanamlipa.

Kuna watoto pia wanaondoka kwasababu ya Kiingereza. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, Februari anaambiwa baiolojia kwa Kiingereza, anakaa kimya, siku ya pili haji. Nilipoangalia waliotoroka miezi miwili ya kwanza, wengi walikuwa na alama za chini kabisa za Kiingereza kwenye jaribio la mwanzo. Ile kozi ya utangulizi ya kidato cha kwanza msiifupishe ili kuwahi silabasi. Na chakula cha mchana, waraka unasema chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, kwahiyo ni makubaliano, kwetu ni mahindi na maharage baada ya mavuno, mkutano mkuu wa wazazi ulipitisha wenyewe. Kipindi jiko linawaka mahudhurio ya mchana ni tofauti kabisa, hili halihitaji maelezo.

Gharama kwangu binafsi: bando langu, mafuta ya pikipiki yangu mpaka mkuu alipoweka kifungu kidogo kwenye mpango wa shule, na jioni nyingi ambazo familia yangu ilinisubiri. Dai hicho kifungu mapema, kiandikwe kwenye bajeti, ufuatiliaji wa wanafunzi ni matumizi halali ya uendeshaji wa shule. Na usiende majumbani peke yako, nenda na mtendaji wa kijiji au mjumbe wa sungusungu anayeheshimika, hasa kama unashuku ndoa. Mimi nimeshatolewa uani kwa fimbo. Wakati mwingine mzazi atakwambia mtoto hakufaulu, na wewe una jina lake kwenye orodha, na kuna wanaowaambia mabinti wa darasa la saba kabisa "ukaandike vibaya" ili asichaguliwe, hao huwezi kuwaona kwenye orodha yako, ndo maana mwalimu mkuu wa msingi anatakiwa awe rafiki yako kabla ya mtihani wa Septemba.

Sasa hivi kinachonikosesha usingizi ni 2028. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwahiyo mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yanagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa mara moja. Nimeshapita shule zote za msingi za kata nikachukua idadi ya madarasa hayo mawili, wavulana na wasichana, kijiji kwa kijiji. Shule yetu inayoitwa ndogo itapokea kidato cha kwanza karibu sawa na shule nzima ya leo. Madarasa tunayo, yale ya fedha za UVIKO ya 2021 mengine hayajai, ila viti na meza hazitoshi, vyoo vya wasichana havitoshi, na bweni liko kwenye lenta. Hiyo karatasi nimempa mkuu, mkuu kaipeleka kwenye bodi, na WDC wamekubali iwe ajenda ya kwanza kikao kijacho. Mwalimu unayesoma, za kata yako zipo kwenye rejista za darasa pale shule za msingi, nenda na kalamu, ukichelewa mpaka orodha ya Desemba 2027 itoke, fundi wa meza hatakuwa na muda tena.